Chawa na chawa wa nyangumi

Chawa na chawa wa nyangumi ni makundi mawili ya arithropodi wadogo wanaofanana kwa jina, kwa umbo na kwa namna ya kuishi, lakini hawana undugu wa karibu. Chawa wa kweli ni wadudu wasio na mabawa wa nusuoda Anoplura ambao hufyonza damu ya binadamu na mamalia wengine. Chawa wa nyangumi ni gegereka wa baharini wa familia Cyamidae. Kwa hiyo ni ndugu wa kamba na kaa, na chakula chao ni ngozi ya nyangumi na pomboo.

Makundi yote mawili ni vidusia wa nje: huishi juu ya mwili wa mnyama mwingine, anayeitwa mwenyeji, na hupata kwake chakula na makazi. Hawana mabawa, hawawezi kuogelea, na hawana hatua yoyote ya maisha inayopitia nje ya mwenyeji kwa muda mrefu. Wataalamu wa biolojia huwatumia kama mfano wa jinsi viumbe wa asili tofauti wanavyoweza kufanana kwa sababu wanaishi maisha ya aina moja.

Jina

Neno "chawa" linajulikana kote Afrika ya Mashariki. Methali "kidole kimoja hakivunji chawa" inatokana na desturi ya kumwua mdudu huyu kwa kumbana kati ya kucha mbili za vidole gumba. Katika lugha ya mitaani nchini Tanzania, chawa ni pia mtu anayejiambatanisha na tajiri au mwanasiasa na kumsifu ili apate manufaa.

Chawa wa nyangumi walipewa jina lao na wawindaji wa nyangumi wa Ulaya, ambao waliwaona kwa wingi kwenye ngozi ya wanyama waliowaua. Mwaka 1758 Carl Linnaeus aliwapa majina ya kisayansi chawa wa binadamu (Pediculus humanus) na chawa mmoja wa nyangumi (Oniscus ceti, ambaye leo huitwa Cyamus ceti) katika toleo la kumi la kitabu chake Systema Naturae. Wakati ule gegereka walihesabiwa kuwa wadudu, kwa hiyo wote wawili waliwekwa katika ngeli moja. Mwaka 1796 Mfaransa Pierre André Latreille aliunda jenasi Cyamus, na baadaye gegereka wakatengwa na wadudu.

Uainishaji

Chawa wa kweli ni sehemu ya oda Phthiraptera, ambayo ina takriban spishi 5,000 pamoja na chawa watafunaji wanaoishi hasa juu ya ndege. Wafyonza damu wa Anoplura ni zaidi ya spishi 500, na wote huishi juu ya mamalia. Ndugu zao wa karibu walio huru ni wadudu wadogo wanaoishi kwenye magome ya miti, katika viota na katika vitabu vya zamani, ambao hula ukungu na mabaki ya viumbe.

Binadamu ana aina tatu za chawa. Chawa wa kichwa na chawa wa nguo ni aina mbili za spishi moja, Pediculus humanus. Chawa wa kinena ni spishi nyingine, Pthirus pubis.

Chawa wa nyangumi wako katika oda Amphipoda ya gegereka. Spishi zinazojulikana ni karibu 30, na nyingi ni za jenasi Cyamus. Ndugu zao wa karibu ni amfipodi wembamba wa familia Caprellidae, ambao hujishikiza kwenye mwani na vitu vingine chini ya bahari.

Uchunguzi wa DNA umeonyesha kwamba wadudu wenyewe walitokana na gegereka wa kale. Hata hivyo, mstari uliozaa wadudu na ule uliozaa amfipodi ulitengana mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita, muda mrefu kabla ya kuwako kwa mamalia yeyote. Kwa hiyo mfanano wa chawa hawa haukurithiwa kutoka kwa babu mmoja mwenye umbo la chawa. Kila kundi lilipata umbo hilo peke yake, jambo linaloitwa mageuko ya kukaribiana.

Umbo

Mwili wa makundi yote mawili ni bapa kutoka juu hadi chini. Umbo hili humwezesha chawa wa kichwa kulala karibu na ngozi ili asiondolewe kwa kukuna au kwa kitana. Kwa chawa wa nyangumi, hupunguza nguvu ya maji yanayopita juu yake wakati nyangumi anapoogelea.

Chawa wa kichwa ana urefu wa mm 2 hadi 3. Kama wadudu wote, ana sehemu tatu za mwili (kichwa, toraksi na fumbatio), jozi moja ya vipapasio na jozi tatu za miguu. Fumbatio ndiyo sehemu kubwa kuliko zote, na hutanuka chawa anapojaa damu. Kila mguu una ukucha mmoja mkubwa unaojikunja kuelekea kichomozo mfano wa kidole gumba, na kati ya hivyo viwili chawa hubana unywele.

Chawa wa nyangumi ni wakubwa zaidi. Wengi wana urefu wa mm 5 hadi 15, na Cyamus scammoni wa nyangumi wa kijivu anaweza kukaribia mm 30. Wana jozi mbili za vipapasio, kama ilivyo kawaida ya gegereka. Kichwa kimeungana na pingili ya kwanza ya toraksi, na fumbatio imepungua mpaka kubaki kijipande kidogo nyuma ya mwili. Miguu yao ni jozi tano. Pingili mbili za katikati hazina miguu bali matamvua marefu ya kupumulia majini. Miguu ya nyuma ni minene na ina kucha kali zilizopinda kama ndoana, ambazo huzama katika ngozi. Mtu anayejaribu kumng'oa chawa wa nyangumi kwa mkono huona kwamba ameshika sana.

Tofauti ya kushika inatokana na mwenyeji. Mamalia wa nchi kavu ana manyoya au nywele, na chawa wake anashika unywele. Nyangumi karibu hana nywele kabisa, kwa hiyo chawa wake anashika ngozi yenyewe, hasa mahali ambapo maji hayapiti kwa nguvu: kwenye mikunjo, majeraha, pembe za mdomo, kando ya macho, mipasuko ya viungo vya uzazi na ya chuchu, na kando ya gegereka wenye kombe wanaonata juu ya nyangumi.

Chakula

Chawa wa Anoplura hula damu tu. Wana sindano tatu nyembamba ambazo hukaa ndani ya kichwa na kutolewa wakati wa kula. Chawa wa binadamu hula mara kadhaa kwa siku. Damu ina upungufu wa vitamini za kundi B, kwa hiyo chawa wa binadamu hutegemea bakteria wanaoishi ndani ya mwili wake, ambao humtengenezea vitamini hizo. Jike huwapitisha bakteria hao kwa watoto kupitia mayai.

Chawa wa nyangumi hawafyonzi damu. Wana taya za kukwangua, na hula tabaka la juu la ngozi ya nyangumi, ambalo hubanduka na kufanywa upya wakati wote. Kwenye jeraha hula pia ngozi iliyokufa. Kwa sababu hiyo, wengine huwaona kuwa karibu na wageni wasiodhuru kuliko vidusia kamili.

Uzazi na kuhama

Jike la chawa wa kichwa hutaga hadi mayai 8 kwa siku na kuyagandisha kwenye nywele karibu na ngozi, ambapo kuna joto. Chawa wa nguo hutaga katika mishono ya nguo. Mayai huanguliwa baada ya siku 7 hadi 10 hivi. Tunutu wanafanana na wazazi wao, na hubadilisha ngozi mara tatu kabla ya kukomaa. Chawa mpevu huishi kwa mwezi mmoja hivi. Chawa wa kichwa aliyeanguka kutoka kwa mtu hufa kwa kawaida baada ya siku moja au mbili.

Jike la chawa wa nyangumi hatagi mayai juu ya mwenyeji. Huyabeba katika mfuko ulio chini ya mwili wake, na watoto hubaki humo hata baada ya kuanguliwa, mpaka waweze kushika ngozi kwa kucha zao. Jambo hili si la kawaida kwa wanyama wa bahari. Gegereka wengi wa baharini huachilia lava ambao huelea na kusambazwa na mikondo ya maji. Kwa chawa wa nyangumi lava kama huyo angepotea, kwa kuwa bahari ni kubwa na nyangumi ni wachache. Chawa mpevu anayeanguka pia hana njia ya kurudi.

Kwa hiyo makundi yote mawili huhama kwa njia moja, yaani kwa kugusana kwa wenyeji. Chawa wa kichwa hupita kutoka kichwa hadi kichwa, hasa kati ya watoto wanaocheza au kulala pamoja. Chawa wa kinena hupita wakati wa kujamiiana. Chawa wa nyangumi hupita kutoka kwa mama hadi kwa ndama wake, na kati ya nyangumi wanaopandana au kusuguana.

Mfano mmoja unaojulikana ni ule wa Physeter macrocephalus, nyangumi mkubwa kuliko wote wenye meno. Madume makubwa huwa na Cyamus catodontis, lakini majike na madume wachanga huwa na Neocyamus physeteris. Madume makubwa hutumia sehemu kubwa ya mwaka katika bahari za baridi karibu na ncha za dunia, mbali na majike, na mgawanyiko huo unaonekana katika chawa wao.

Nyangumi wenye nundu (Megaptera novaeangliae), ambao huonekana kwenye pwani ya Kenya, Tanzania na Msumbiji hasa kuanzia Julai hadi Oktoba, hubeba spishi ya Cyamus boopis. Nyangumi hawa huja kuzaa katika maji ya joto baada ya kula katika bahari ya Antaktiki. Chawa wao husafiri pamoja nao maelfu ya kilomita, kwenda na kurudi.

Wadudu waliokwenda baharini

Wadudu wana zaidi ya spishi milioni moja zilizopewa majina, lakini wachache sana huishi baharini. Chawa wa kweli wana familia moja iliyofanya hivyo, Echinophthiriidae, ambao huishi juu ya sili, simba-bahari na walarasi. Mababu wa sili walipoanza kuishi majini, chawa wao walikwenda pamoja nao.

Chawa hawa hupumua hewa, na mayai yao hayaendelei kukua majini. Huzaliana wakati sili yuko nchi kavu kwa ajili ya kuzaa au kubadilisha manyoya. Sili-tembo wa kusini (Mirounga leonina) hukaa baharini kwa miezi na anaweza kuzamia zaidi ya mita 2,000. Mwaka 2020 ilichapishwa taarifa ya jaribio ambalo chawa wa sili huyo, Lepidophthirus macrorhini, waliwekwa chini ya mgandamizo unaolingana na kina cha mita 2,000 hivi. Wengi wao walibaki hai.

Nyangumi hawana chawa wa kweli. Mababu zao walikuwa mamalia wa nchi kavu wenye miguu minne, miaka milioni 50 hivi iliyopita. Walipopoteza manyoya na kuacha kabisa kurudi pwani, hapakuwa tena na unywele wa kushika wala mahali pakavu pa kutagia. Ngozi yao ikawa makazi ya gegereka ambao tayari walikuwa wakaaji wa bahari.

Madhara

Chawa wa kichwa husababisha mwasho na usumbufu, lakini kwa kawaida hawaambukizi magonjwa. Si dalili ya uchafu, kwa sababu wanaishi vilevile katika nywele safi. Wanaweza kuondolewa kwa kunyoa, kwa kitana chenye meno yaliyosongamana au kwa dawa.

Chawa wa nguo ni hatari zaidi. Huenea pale ambapo watu hawana nguo za kubadilisha wala maji ya kufulia, kama vile katika vita, magereza na kambi za wakimbizi. Husambaza magonjwa matatu ya bakteria:

- Tifasi, inayosababishwa na Rickettsia prowazekii. Ni tofauti na homa ya matumbo (taifodi), ambayo huletwa na chakula au maji machafu.
- Homa ya mahandaki, inayosababishwa na Bartonella quintana, ambayo iliwasumbua askari wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.
- Homa ya kurudiarudia, inayosababishwa na Borrelia recurrentis, ambayo bado inapatikana Ethiopia. Ni tofauti na homa ya papasi, ambayo huletwa na kupe laini.

Mwaka 1909 Charles Nicolle, akifanya kazi mjini Tunis, alithibitisha kwamba tifasi husambazwa na chawa. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1928. Bakteria hao hutoka katika kinyesi cha chawa na kuingia mwilini mtu anapojikuna. Chawa mwenyewe pia hufa kwa ugonjwa huo. Nchini Burundi tifasi ilizuka katika gereza la Ngozi mwaka 1995, na mwaka 1997 ilienea katika kambi za watu waliokimbia vita, hasa kwenye nyanda za juu zenye baridi, ambapo watu huvaa nguo nyingi. Dozi moja ya dawa ya doksisaiklini hutosha kwa kawaida kuwaponya wagonjwa wakati wa mlipuko. Chawa wenyewe hufa nguo zikifuliwa kwa maji moto ya zaidi ya sentigredi 54 kwa dakika tano.

Chawa wa nyangumi kwa kawaida hawamdhuru mwenyeji mwenye afya. Wanapokuwa wengi kupita kiasi huwa ni dalili ya ugonjwa, si chanzo chake. Nyangumi aliyejeruhiwa au kunaswa na kamba za wavuvi huogelea polepole, na chawa huenea kwenye sehemu ambazo zamani zilisafishwa na mkondo wa maji. Watafiti wa nyangumi wa jenasi Eubalaena hutazama chawa walio kando ya pua kama kipimo kimoja cha afya yake.

Katika ghuba za Baja California, Meksiko, kuna samaki wadogo (Atherinops affinis) wanaokula chawa juu ya nyangumi wa kijivu.

Kumbukumbu ya historia ya wenyeji

Kwa kuwa chawa hawamwachi mwenyeji, DNA yao huhifadhi habari za mwenyeji huyo. Tena vizazi vyao ni vifupi, kwa hiyo mabadiliko hulimbikizana haraka zaidi.

Chawa wa nguo alitokana na chawa wa kichwa baada ya binadamu kuanza kuvaa nguo. Mwaka 2003 Ralf Kittler, Manfred Kayser na Mark Stoneking walikadiria kwa kutumia DNA kwamba jambo hilo lilitokea miaka 72,000 hivi iliyopita. Utafiti mwingine wa mwaka 2011 ulirudisha wakati huo nyuma hadi takriban miaka 170,000. Nguo za ngozi huoza, hivyo chawa ni ushahidi wa thamani kwa swali ambalo mabaki ya kale hayawezi kulijibu kikamilifu. Aidha, ndugu wa karibu wa chawa wa kichwa huishi juu ya sokwe, na ndugu wa chawa wa kinena huishi juu ya gorila.

Utafiti kama huo ulifanywa kwa chawa wa Eubalaena. Nyangumi mmoja wa jenasi hii hubeba takriban chawa 7,500 wa spishi tatu. Cyamus ovalis huishi juu ya vigaga vigumu vya kichwani na kuvifanya vionekane vyeupe. Cyamus gracilis hukaa katika vishimo vya vigaga hivyo. Cyamus erraticus, mwenye rangi ya machungwa, hukaa katika mikunjo laini na majeraha. Mwaka 2005 Zofia Kaliszewska, Jon Seger na wenzao walionyesha kwamba kila mojawapo ya spishi hizo imegawanyika katika tatu: za Atlantiki ya Kaskazini, Pasifiki ya Kaskazini na bahari za kusini. Mgawanyiko ulitokea miaka milioni 5 hadi 6 iliyopita, na wakati wake ulikuwa mmoja kwa chawa wote. Matokeo hayo yaliunga mkono maoni kwamba nyangumi hawa ni spishi tatu. Zaidi ya hayo, DNA ya C. ovalis ilionyesha kwamba angalau nyangumi mmoja wa kusini alivuka ikweta katika Pasifiki miaka milioni 1 hadi 2 iliyopita.

Vigaga vyeupe vina faida nyingine. Mpangilio wao hutofautiana kwa kila nyangumi kama alama za vidole. Tangu mwanzo wa miaka ya 1970 Roger Payne na wenzake walipiga picha za nyangumi wa Península Valdés, Argentina, na kumtambua kila mmoja kwa vigaga vyake. Bila rangi ya chawa, vigaga hivyo vingekuwa vigumu kuonekana kutoka mbali.

Hali ya hifadhi

Chawa wa binadamu hawako hatarini. Chawa wa nyangumi hutegemea kabisa hali ya wenyeji wao. Nyangumi wa Atlantiki ya Kaskazini (Eubalaena glacialis) waliwindwa kwa karne nyingi kwa ajili ya mafuta yao, na leo wamebaki chini ya 400. Wanauawa hasa kwa kugongwa na meli na kwa kunaswa na kamba za uvuvi. Wakitoweka, chawa wao wa Atlantiki watatoweka pia, kwa kuwa hawana mwenyeji mwingine.

Muhtasari wa tofauti

| | Chawa wa binadamu | Chawa wa nyangumi |
|---|---|---|
| Kundi | Wadudu, Anoplura | Gegereka, Cyamidae |
| Vipapasio | Jozi 1 | Jozi 2 |
| Miguu | Jozi 3 | Jozi 5 |
| Kupumua | Hewa | Kwa matamvua, majini |
| Chakula | Damu | Ngozi |
| Hushika | Unywele au uzi wa nguo | Ngozi yenyewe |
| Mayai | Hugandishwa kwenye unywele au nguo | Hubebwa katika mfuko wa jike |
| Kuhama | Kwa kugusana. Wa nguo pia kwa nguo | Kwa kugusana |
| Magonjwa | Wa nguo husambaza tifasi na homa nyingine | Kwa kawaida hawadhuru |